Mashine za Kutafutia Sarafu za Kale katika Udongo wa Thika na Ruiru

Nchi iliyo kati ya Ruiru na Thika imebadilika sana tangu barabara kuu ya kutoka Nairobi ilipopanuliwa, kazi iliyofanywa kati ya mwaka 2009 na 2012. Mashamba mengi ya kahawa yamekatwa viwanja, na mahali palipokuwa na laini za nyumba za vibarua sasa panachimbwa misingi ya nyumba za ghorofa. Katika kuchimba huko si ajabu mtu kuokota senti yenye tundu katikati, au shilingi ya zamani iliyokwisha kugeuka rangi. Habari ya namna hiyo huenea upesi kuliko moto wa makuti, na nyuma yake huja wauzaji wa mashine wakisema kwamba chombo chao chaweza kuona rupia iliyo mita kumi chini ya ardhi. Wako watu waliotoa akiba ya karo ya watoto kununua vyombo hivyo. Kwa hiyo yafaa ielezwe wazi mashine hizi zinaweza kufanya nini, haziwezi kufanya nini, na ipi inayofaa katika udongo wa sehemu hizi.

Kwanza msomaji ajue ni sarafu gani zinazoweza kuwako. Thika na Ruiru si miji ya kale kama Kilwa au Gedi. Hoteli ya Blue Posts, iliyo karibu na maporomoko ya Chania na Thika, ilianzishwa mwaka 1908, na reli ilifika Thika mwaka 1913. Basi fedha nyingi zilizodondoka katika udongo huu ni za miaka mia na ushei iliyopita. Mwanzoni ilitumika rupia ya India, ambayo ilikuwa fedha halisi kwa sehemu 11 katika 12, uzito wake gramu 11 na ziada, na upana wake kama milimeta 30. Kodi ya nyumba ililipwa kwa rupia hizo, na mshahara wa shambani ulihesabiwa kwa rupia. Pamoja nazo zilikuwapo senti za Afrika ya Mashariki, nyingine zikiwa na tundu ili ziweze kutungwa katika uzi. Senti za kwanza za mwaka 1907 na 1908 zilikuwa za alumini, lakini hazikuvumilia hewa ya nchi zikaachwa upesi. Mwaka 1920 ikaja florini, ambayo haikudumu, na mwaka 1921 ikaanza shilingi. Shilingi ya tangu 1921 hadi miaka ya vita vya pili ilikuwa na fedha robo moja tu, na iliyofuata mwaka 1948 haikuwa na fedha hata kidogo, bali ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Kenya ilianza kutoa fedha zake yenyewe mwaka 1966.

Tofauti hizo si za kuwafurahisha wakusanyaji peke yao. Kila metali hupitisha umeme kwa namna yake, na hapo ndipo mashine inapopata kutofautisha kitu na kitu.

Watu huuliza, sarafu imefikaje chini? Hakuna aliyeizika, ila mara chache. Nyingine ilianguka mfukoni, ikakanyagwa katika matope ya masika, majani yakaoza juu yake, minyoo na mchwa wakapandisha udongo mpya juu. Katika shamba linalolimwa, jembe huugeuza udongo wa juu kila mwaka, kwa hiyo sarafu nyingi hubaki katika kina cha jembe, yaani sentimeta 15 au 20. Katika mteremko mvua hufagia udongo, na sarafu huweza kuonekana juu bila mashine yo yote. Lakini bondeni, udongo uliofagiwa hukusanyika, na kitu kilichoanguka zamani hufunikwa kwa kina kikubwa. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa miaka ya 1940 na 1950 nayo yalihamisha udongo mwingi. Hivyo mtu anayeanza kazi yake ukingoni mwa mteremko, mahali ambapo udongo umepungua, ana bahati zaidi ya yule anayekimbilia bondeni kwa sababu ni laini kuchimba.

Udongo mweusi wa nyanda za Juja na kandokando ya Thika una tabia nyingine kabisa. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa ndefu, nyingine zikifika karibu mita moja kwenda chini. Sarafu iliyo juu huweza kutumbukia katika ufa. Mvua ikinyesha, udongo huvimba, ufa hufungwa, na sarafu hubaki huko. Fedha iliyopotea namna hiyo ni vigumu kuipata kwa chombo cho chote, na afadhali mtu akubali hivyo mapema.

Sasa kuhusu mashine yenyewe. Wafanyabiashara huiita ditekta. Chini ina sahani, na ndani ya sahani mna nyaya zilizozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri ukipita katika nyaya hizo kwa kugeuka-geuka upesi, huleta nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake dhaifu ya sumaku inayorudi juu. Nyaya nyingine katika sahani huipokea, na mwenye mashine husikia mlio. Chombo hiki si kipya. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kutafuta kwa chombo cha namna hii risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, asifaulu. Na mwaka 1941 afisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza huko Uingereza chombo cha kutafutia mabomu ya ardhini, kilichotumiwa na askari wa Uingereza katika vita vya El Alamein mwaka 1942.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba nguvu ile hupungua safari mbili, inapokwenda na inaporudi. Sarafu ikiwa mbali kupita upana wa sahani, ukiongeza kina mara mbili, mlio unaorudi hupungua mara 64 hivi. Hii ndiyo sababu hapana mashine, hata iwe ya bei gani, iwezayo kuona sarafu moja iliyo mita mbili chini. Mashine nzuri, katika udongo mwema, huona rupia kwa sentimeta 25 au 30. Sufuria au debe lililojaa fedha laweza kuonekana mbali zaidi, kwa sababu ni kubwa. Muuzaji anapotaja mita tatu au tano, na aulizwe: mita tano za nini? Za gari au za senti?

Katika udongo mwekundu wa kahawa hata hizo sentimeta 25 ni za kutafuta. Udongo huo umetokana na mawe ya volkano, na umejaa chembe ndogo za chuma, nyingine zenye tabia ya sumaku. Mtu aweza kujionea mwenyewe kwa kuburuta sumaku ya spika mbovu katika vumbi kavu la barabara ya shamba. Ataona chembe nyeusi zimeshikamana nayo kama ndevu. Mashine huzisikia chembe hizo zote kwa pamoja, na kelele yake huufunika mlio mdogo wa sarafu iliyo chini. Ndiyo maana mashine ya bei rahisi inayosifiwa na Wazungu wanaotafuta vitu katika mchanga wa pwani zao huwa kama kiziwi ikifika Ruiru.

Kwa sababu hiyo, sharti la kwanza katika kuchagua ni mashine iwe na njia ya kusawazisha udongo, na kusawazisha huko kuwe kwa mkono au kwa mashine kujipima yenyewe mahali ilipo, wala si kwa kiasi kimoja kilichowekwa kiwandani. Mwenye kazi huinua na kushusha sahani juu ya ardhi isiyo na metali, mpaka kelele ya udongo inyamaze. Akihama kutoka udongo mwekundu kwenda mweusi, yampasa kufanya hivyo tena. Mashine isiyo na njia hiyo isinunuliwe kwa kazi ya sehemu hizi, hata kama sanduku lake limepambwa picha za dhahabu.

Baada ya hapo ziko namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inayotuma mitetemo mfululizo, ambayo huhesabiwa kwa kilohezi kama vile vituo vya redio. Mashine ya kilohezi 5 mpaka 8 huvisikia vizuri vitu vinene vinavyopitisha umeme sana, kama rupia ya fedha na senti 10 za shaba. Ile ya kilohezi 20 na kuendelea hupendelea vitu vidogo, kama chembe za dhahabu. Katika miaka hii zimetoka mashine zinazotuma mitetemo ya namna nyingi kwa wakati mmoja, mathalani Minelab Equinox iliyoanza kuuzwa mwaka 2018, na hizo hustahimili udongo mwekundu kuliko zile za mtetemo mmoja. Namna ya pili hutuma umeme kwa mapigo, kisha hunyamaza na kusikiliza. Hii haisumbuliwi sana na udongo wa chuma, na huenda chini zaidi. Wachimba dhahabu hupendelea mashine za namna hiyo. Walakini ina kasoro moja kubwa: haijui vizuri kutenga chuma na fedha. Kila msumari huita.

Na Thika misumari si haba. Mji huu umekuwa wa viwanda kwa muda mrefu, na mananasi yake yamefungwa katika makopo kwa miaka mingi. Makopo yaliyooza kwa kutu, vifuniko vya chupa, nyaya za ua, vipande vya mabati, vyote vimo ardhini. Mtu aliyenunua mashine ya mapigo akaitumia karibu na soko la zamani atachimba asubuhi hadi jioni apate kikapu cha taka. Mashine hiyo yafaa katika shamba lililo mbali na nyumba, kwa mtu mwenye subira. Kwa wengi wa hapa, iliyo bora ni ile ya mitetemo mingi. Bei yake ni mamia ya dola za Marekani. Ile ya mapigo iliyo nzuri hufika maelfu.

Sahani nayo yataka kufikiriwa. Wengi hudhani kwamba sahani kubwa ndiyo huona mbali, na ni kweli katika udongo mtulivu. Lakini sahani kubwa hutazama udongo mwingi kwa mara moja, kwa hiyo katika udongo mwekundu huongeza kelele, na penye taka huchanganya msumari na sarafu vikawa mlio mmoja. Sahani ya sentimeta 28 hivi yatosha kwa kazi nyingi, na ndogo ya sentimeta 15 hufaa karibu na nyumba. Ile ambayo nyaya zake zimepangwa kama herufi D mbili zilizopeana migongo hushinda ile ya duara mbili katika udongo wenye chuma. Tena mtu asikose visikizio vya masikioni. Sarafu iliyo mbali hailii kwa nguvu. Hunong'ona, na pikipiki moja ikipita barabarani mnong'ono huo umepotea.

Mashine nyingi za sasa huonyesha hesabu katika kioo, ili mtu akisie ni metali gani. Zisiaminiwe mno. Shilingi ya 1948, kwa kuwa ina nikeli, yaweza kutoa hesabu ileile ya kishikio cha mkebe wa soda. Na kitu kikiwa mbali katika udongo mwekundu, hesabu huyumba, hata fedha halisi huonekana kama chuma. Mlio mdogo unaojirudia kutoka pande zote mbili, hata kama kioo kinasema chuma, wastahili kuchimbwa. Hapo ndipo zilipo sarafu zilizoachwa na waliotangulia.

Iko aina nyingine ya vyombo ambayo yapasa kutajwa kwa jina lake: ni udanganyifu. Ni vile vyenye fimbo au antena inayozunguka mkononi, ambavyo muuzaji husema vyaonyesha dhahabu au rupia iliyo umbali wa kilometa, na kwamba mtu huchagua kwa kubonyeza kitufe kama ataka fedha, almasi au maji. Ndani ya vyombo hivyo aghalabu hamna kitu. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliuza chombo cha namna hiyo kwa serikali ya Iraq akisema chaona mabomu. Asili yake ilikuwa ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walipita vizuizini na mabomu yao bila kuonekana, wakaua wengi. Mahakama ya London ilimfunga McCormick miaka 10 mwaka 2013. Ikiwa serikali nzima ilidanganywa, si ajabu mkulima mmoja kudanganywa. Lakini mkulima hana hazina ya serikali ya kufidia hasara.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na aombe kujaribu. Muuzaji hupenda kupitisha sarafu hewani mbele ya sahani, na mashine ikalia kwa umbali wa kushangaza. Jaribio hilo halina maana, maana hewani hakuna udongo. Jaribio la kweli ni hili: achukue shilingi ya zamani au senti 10 yenye tundu, na kipande kinene cha shaba cha ukubwa wa rupia. Achimbe mashimo manne katika udongo mwekundu, ya sentimeta 10, 15, 20 na 25, alaze kitu bapa, afukie na kukanyaga. Kisha apitishe mashine polepole. Na arudie jambo hilo katika udongo mweusi, ikiwa huko ndiko atakakofanya kazi. Vilevile akisimamishe kipande wima, aone jinsi mlio unavyopungua. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.

Lakini swali kubwa kuliko hayo ni kama mashine italipa bei yake. Kwa mtu anayetafuta mali, jibu ni kwamba haielekei. Sarafu nyingi za Afrika ya Mashariki zilitengenezwa kwa mamilioni. Mfano mzuri ni senti 5 na 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huohuo. Kwa kuwa zina tundu, hazikuwa na sura yake, zikatolewa kabla hajaondoka. Watu huambiwa ni adimu kwa sababu utawala wake ulikuwa mfupi. Kwa kweli ni nyingi sana, na bei yake ni ndogo. Rupia ya India nayo thamani yake haizidi sana fedha iliyomo. Sarafu ya bei kubwa kweli ni kama ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa na Wajerumani huko Tabora mwaka 1916, ambayo zilitoka 16,000 na kitu tu. Tabora si Thika. Na wale wanaopiga simu wakisema wana tajiri wa ng'ambo anayenunua rupia moja kwa mamilioni ya shilingi, ila kwanza itumwe ada ya kuipima, wafaa kukatiwa simu. Anayenunua mashine kwa kupenda historia, au kwa starehe ya Jumamosi, huyo hatapata hasara; atapata senti, vifungo vya kanzu, na pengine rupia moja yenye sura ya Malkia Victoria.

Mahali pa kutafuta ni pale watu walipokutana na fedha zikapita mkono kwa mkono: laini za zamani za vibarua mahali palipolipwa mshahara, kandokando ya vivuko vya mito ya Chania, Thika na Ruiru, chini ya miti mikubwa iliyokuwa kivuli cha soko. Ardhi hiyo yote ina mwenyewe. Idhini ipatikane kwanza, nayo iwe kwa maandishi, pamoja na mapatano ya jinsi ya kugawana kitakachopatikana. Ardhi ya reli na ile iliyo karibu na kambi za jeshi isiguswe kabisa. Tena ikumbukwe kwamba sehemu hizi zilikuwa katika Hali ya Hatari tangu 1952 hadi 1960. Risasi zaweza kuwamo ardhini, na hata kombora la mkono. Kitu cha chuma cha umbo la yai au bomba kisigongwe wala kusafishwa. Aliyekiona na aweke alama, awaondoe watoto, aite polisi. Na akikuta mifupa ya mtu, kazi ikome hapo hapo.

Sheria nayo imo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kukitafuta kitu cha kale kilichofukiwa bila leseni ni kosa, hata katika shamba lako mwenyewe. Basi shilingi ya 1925 si kitu cha kale kwa sheria hiyo, lakini pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, yenye picha ya mizani, ni kitu cha kale. Riyali ya Maria Theresa huleta utata, kwani huandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa miaka mia baadaye. Mtu agunduapo kitu chenye maana kwa wachunguzi wa mambo ya kale hupewa siku 7 kutoa habari Makumbusho ya Taifa, akieleza mahali hasa alipokiona.

Kueleza mahali ndiko kwenye thamani. Mwaka 2010 wachunguzi wa Kenya na China waliipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu moja ya shaba ya zama za Mfalme Yongle wa China. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote za fedha, za karne ya 11. Kwa sababu kila moja iliandikiwa ilipotoka na kina chake, watu wamejua nani alitawala na nani alifanya biashara. Zingalichimbwa usiku na kuuzwa Mombasa, zingalikuwa vipande vya fedha tu.

Kwa hiyo mtu apatapo sarafu na aandike siku ile ile mahali, kina, na rangi ya udongo, kisha apige picha. Asiisugue kwa mchanga, wala limau, wala majivu. Udongo mwekundu una uchungu kidogo na shaba huwa imekwisha kuliwa juu, hivyo kusugua huondoa maandishi yote. Aioshe kwa maji safi, aikaushe kwa kitambaa laini, aiweke katika bahasha ya karatasi, wala si ya plastiki yenye unyevu. Ikiwa na shaka kama ni ya kabla ya 1895, aipeleke Makumbusho ya Nairobi pamoja na maandishi yake.